Vijidudu vya Magadi, majokofu ya Ulaya

Mei 2016, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hebei, Han Chunyu, aliutikisa ulimwengu wa baiolojia. Yeye na wenzake waliandika katika jarida la Nature Biotechnology kwamba wamepata mkasi mpya wa kukatia DNA, mshindani wa ule wa CRISPR uliokuwa ukitamba kila mahali. Uchina ikashangilia. Haukupita muda, maabara nyingine zikaanza kulalamika kwamba zinarudia jaribio lile na haziambulii kitu, na Agosti 2017 waandishi wakaiondoa makala yao.

Katika kelele zote hizo, jambo moja halikupewa uzito. Protini iliyozua mzozo ilitoka kwa kiumbe kiitwacho Natronobacterium gregoryi, na kiumbe hicho ni mwenyeji wa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya. Kilitambulishwa rasmi mwaka 1984 na William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, pamoja na wenzake. Mbegu yake imehifadhiwa Braunschweig, Ujerumani, katika hazina kubwa ya vijidudu ya nchi hiyo. Mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kukichunguza kiumbe kilichozaliwa saa mbili kwa gari kutoka darasani kwake anaweza kukiagiza huko, akalipa kwa yuro.

Hapo ndipo penye tatizo, na si katika makala iliyofutwa.

Magadi ni mahali ambapo kwa hesabu za kawaida hapakupaswa kuwa na uhai. Maji huingia kutoka kwenye chemchemi za moto pembezoni, yamebeba sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano, na hayana pa kutokea. Jua la Bonde la Ufa linayakausha mpaka sakafu ya ziwa inakuwa gamba gumu la magadi, ambalo kampuni iliyoanzishwa 1911 kwa jina la Magadi Soda imekuwa ikilichimba. Kiwango cha pH hupita 10, karibu na cha maji ya sabuni kali. Ukiingia ndani na kidonda mguuni utajuta. Lakini wakati wa kiangazi ziwa linageuka kuwa na rangi ya waridi iliyoiva, na rangi hiyo si madini. Ni mabilioni ya arkea, viumbe wa chembe moja ambao chumvi na magadi kwao ndiyo starehe. Ukiwahamishia kwenye maji matamu, wanapasuka na kufa.

Arkea si bakteria, ingawa kwa darubini ya kawaida utawachanganya. Mmarekani Carl Woese alionyesha mwaka 1977 kwamba ni ukoo wao wenyewe, ulioachana na bakteria zamani sana. Wanasayansi wamewakuta arkea, na hata bakteria wengine wagumu, katika kila kona iliyodhaniwa kuwa jehanamu. Arkea Methanopyrus kandleri, anayeishi kwenye matundu ya moto chini ya bahari, amekuzwa maabara kwenye nyuzi joto 122. Bakteria Deinococcus radiodurans aligunduliwa mwaka 1956 ndani ya nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ili isioze, ikaoza hivyohivyo. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, karibu kilomita 3 chini ya ardhi, kulipatikana bakteria anayeishi karibu peke yake kabisa, bila jua wala hewa, akitegemea kemikali zinazozaliwa pale mionzi ya urani inapoyapasua maji mwambani.

Haya yote yanafurahisha kuyasoma. Ila mtu wa kawaida anayehangaika na bei ya unga ana haki ya kuuliza: yananihusu nini?

Yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Akumbuke mwaka 2020, foleni za malori Malaba na Namanga, madereva wakilala barabarani siku nenda siku rudi wakisubiri majibu ya kipimo cha PCR. Kipimo hicho hufanya kazi kwa kunakili DNA mara nyingi mno, mpaka chembe chache za virusi zinakuwa nyingi kiasi cha kuonekana. Ili kunakili, lazima nyuzi mbili za DNA zitenganishwe kwa joto la nyuzi 95 hivi, kisha zipozwe, kimeng'enya kijenge nakala, halafu joto tena, mara thelathini au arobaini. Mmarekani Kary Mullis alipoibuni njia hii mwaka 1983 akiwa kampuni ya Cetus, kimeng'enya alichotumia kilikuwa cha bakteria wa kawaida wa tumboni, na kilikufa kila mara joto lilipopanda. Mtaalamu alilazimika kusimama pale akiongeza kingine kila mzunguko.

Ufumbuzi ulikuwa tayari umekaa kabatini. Mwaka 1966 Thomas Brock alikuwa akichokonoa chemchemi za moto za Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, akakuta bakteria wanaostawi kwenye nyuzi 70. Akampa mmoja jina la Thermus aquaticus na kumpeleka kwenye hazina ya vijidudu ya Marekani, ili yeyote anayetaka ajichotee. Cetus wakajichotea. Kimeng'enya cha kijidudu hicho, Taq, hakijali kuchemshwa. Mashine ikaachwa ifanye kazi peke yake, na PCR ikatoka kuwa kazi ya kuchosha ikawa biashara. Mullis alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Cetus waliiuza hataza ya PCR kwa Hoffmann-La Roche mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Yellowstone, hifadhi iliyolinda chemchemi zile tangu 1872, haikupata hata senti ya kununulia ubao wa kuonya wageni wasitumbukie.

Wamarekani walijifunza. Mwaka 1997 Yellowstone ilitia saini mkataba na kampuni ya Diversa: dola 100,000 kwa miaka mitano, pamoja na mrabaha iwapo kitu kingeuzwa. Wapinzani walikwenda mahakamani, jaji akasimamisha kwanza, baadaye akakubali kwamba mkataba ni halali. Pesa zenyewe ni kidogo, na wengi walisema hivyo. Lakini Yellowstone ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi za Afrika hazina: mbegu ya kijidudu chake ilikuwa ndani ya nchi yake, katika hazina yake, na kampuni za kwanza kufaidika zilikuwa za nchini humo humo. Hasara ya hifadhi haikuwa hasara ya taifa.

Bogoria ni hadithi nyingine. Ziwa hili la Kaunti ya Baringo, lililoitwa Hannington enzi za mkoloni, lina chemchemi za Loburu zinazochemka kiasi kwamba wageni huenda na mayai yao, wakayatumbukiza kwenye kapu na kuyala yakiwa yameiva. Maji ya ziwa ni ya magadi, mazito kwa mwani wa kibuluu uitwao Arthrospira, ambao ndio mlo wa heroe na ndio unaowapa manyoya yao ya waridi. Kwa mtu wa viwandani, sehemu kama hii ni ghala. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yana pH ya karibu 10, na vimeng'enya vya kawaida huharibika humo. Vimeng'enya vya kiumbe aliyezoea Bogoria havishtuki, kwa kuwa hayo ndiyo maji ya nyumbani kwao.

Ndivyo ilivyotokea. Miaka ya mwanzoni ya 1990, watafiti wa Leicester walikusanya sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Kenya. Kutoka humo kampuni ya Genencor ilipata kimeng'enya kinachokula nyuzi za pamba. Kazi zake ni mbili: kunyoa vinyweleo vinavyozeesha nguo kila inapofuliwa, na kuipausha jinzi ionekane imevaliwa, badala ya kuisugua kwa mawe ya volkano kama walivyofanya awali. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linadai sehemu ya mapato, likisema sampuli zilitoka bila kibali chake. Kampuni ikajibu kwamba zilichukuliwa kwa utaratibu halali kupitia watafiti walioshirikiana nayo. Magazeti yaliandika sana. Mwaka uliofuata Genencor ilinunuliwa na Danisco ya Denmark, na mwaka 2011 Danisco nayo ikamezwa na DuPont. Anayedai leo aanze kwanza kutafuta ni mlango gani wa kubisha.

Nani alikuwa mkweli? Swali hilo halina faida kubwa kama linavyoonekana. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, uliosema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki, ulianza kutumika mwishoni mwa Desemba 1993. Kabla ya hapo mtu aliweza kuondoka na chupa ya matope bila kuvunja sheria yoyote ya kimataifa. Na hata baada ya hapo, ili udai mali yako, lazima uonyeshe kwamba unaijua. Kenya haikuwa na orodha ya vijidudu vya Bogoria. Haikuwa na nakala ya kilichochukuliwa. Ilisoma habari za mali yake kama wasomaji wengine wote. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na hawakuwa wanazungumzia ng'ombe tu.

Mwaka 2007 mambo yalikwenda afadhali. KWS ilifanya mkataba na Novozymes, kampuni ya Denmark iliyokwisha kuuza kimeng'enya chenye asili ya Kenya, Pulpzyme, kinachopunguza klorini inayohitajika kuung'arisha mti unaotengenezwa karatasi. Kampuni ilikubali kulipia kimeng'enya hicho cha zamani, kutoa mrabaha kwa vitakavyopatikana, na kusaidia mafunzo na maabara. Huu ni mkataba wa kupigiwa mfano kuliko kesi yoyote, kwa sababu moja: uliacha ujuzi nchini. Mrabaha huja na kwenda. Kijana aliyejifunza kukuza kijidudu kigumu, kukitambua na kukihifadhi, huyo anabaki.

Kuna na watu wa Bogoria wenyewe. Waendorois waliondolewa kwenye ardhi yao kandokando ya ziwa miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Februari 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: Kenya ilikuwa imewakosea, irejeshe haki zao, na iwalipe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zinazoendelea pale. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Kwa hiyo nchi inapopiga kelele Copenhagen na Marekani ikidai haki ya vijidudu, ijue kwamba Loburu kuna watu wanaoidai nchi hiyo hiyo haki ya ziwa lenyewe.

Asidhani msomaji kwamba ni ng'ambo pekee kunakoweza kuvunwa faida ya vijidudu. Uganda ilivuna, na kwa njia ambayo ingepaswa kufundishwa shuleni. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulipokoma kazi zake za zamani uliacha Kasese lundo la takriban tani milioni moja za mabaki yenye kobalti na salfa. Mvua ilipolinyeshea, asidi na metali zilichuruzika mpaka ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, zikiunguza majani na kuacha njia ya udongo mtupu kuelekea Ziwa George. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulisha lundo hilo kwa bakteria wapenda asidi. Ndani ya matangi makubwa yaliyopulizwa hewa, kwenye joto la nyuzi arobaini na kitu na uchachu wa kuozesha chuma, vijidudu hivyo viliila salfa na kuiachilia kobalti iyeyuke, ikakamatwa, ikauzwa. Takataka zikageuka bidhaa, na chanzo cha sumu kikapungua. Kiwanda kilifungwa miaka ya 2010 baada ya lundo kuliwa. Leo, dunia inapogombania kobalti ya Kongo kwa ajili ya betri za magari, ni ajabu jinsi jaribio la Kasese linavyotajwa mara chache katika mijadala ya madini ya ukanda huu.

Linganisha na Ziwa Natron, upande wa pili wa mpaka, Tanzania. Miaka ya kati ya 2000 kampuni ya Tata Chemicals na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, walipanga kiwanda cha kuchota magadi, tani 500,000 kwa mwaka. Wanamazingira walikuja juu kwa sababu Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozalia, na mwaka 2008 Tata wakajitoa. Ulikuwa ushindi wa haki kabisa. Ila mjadala mzima ulisimama kati ya ndege na magadi: utalii upande huu, kemikali upande ule. Vijidudu vilivyomo, ambavyo ndivyo vinavyomlisha ndege na ambavyo kwa kilo huenda vina thamani kuliko magadi yale, havikupewa kiti mezani. Ni vigumu kumlaumu waziri. Hakuna aliyekuwa na orodha ya kumwekea mbele.

Na ghala lenyewe linabadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamefura. Nakuru imemeza lango lake la zamani, Baringo imemeza hoteli na shule, na Bogoria imefunika baadhi ya chemchemi zake. Maji mengi maana yake ni magadi hafifu. Heroe wanaona, wanahama. Kijidudu kisichoweza kuhama, na ambacho hakuna aliyekihifadhi, kinaweza kutoweka bila hata jina.

Sasa, jibu la serikali nyingi likisikika neno wizi ni kuongeza vibali. Kenya ilitunga kanuni za rasilimali za kijenetiki mwaka 2006, ikaridhia Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali hizo mwaka 2014, na kwa maandishi iko mbele ya majirani. Kwa vitendo, anayetaka kuchota kijiko cha matope Bogoria anapitia tume ya sayansi, NACOSTI, mamlaka ya mazingira, NEMA, kisha KWS au kaunti, na jamii ya wenyeji, kila mmoja na fomu zake na ada zake. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kuizunguka njia hiyo. Anayekwama ni mwanafunzi wa uzamili wa chuo kikuu cha Juja. Sheria iliyotungwa kumzuia mgeni humkamata kwanza mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji ndiye asiye na mahali pengine pa kwenda.

Tena wizi wenyewe umebadilika sura. Siku hizi si lazima kubeba chupa. Kijidudu kikishasomwa vinasaba na mfuatano wake ukawekwa kwenye hifadhidata ya wazi, kampuni iliyoko popote inaweza kuunda kimeng'enya chake bila kukanyaga Baringo. Ndiyo maana mkutano wa bayoanuwai wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 uliunda mfuko wa pamoja, uliozinduliwa Roma Februari 2025. Kampuni kubwa zinazonufaika na data hizo zinatakiwa kuchangia kiasi cha asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mauzo, na angalau nusu ya fedha ilengwe kwa jamii asilia na wenyeji. Michango ni ya hiari. Busara inataka kuupokea mfuko huu kwa mikono miwili bila kuutegemea hata kwa mkono mmoja.

Kinachohitajika ni kitu kisichovutia kamera: hazina ya vijidudu ya taifa inayofanya kazi. Yaani majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta inayowaka umeme unapokatika, naitrojeni kimiminika isiyokwisha katikati ya mwezi, na watu wenye ajira ya kudumu wanaojua kila kichupa kimetoka wapi, lini na nani alikichota. Ujuzi upo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoko Juja, kimechunguza vijidudu vya Bogoria, Elmenteita na Magadi kwa miaka mingi. Mmoja wa waliofungua njia hiyo, Profesa Hamadi Boga, baadaye alikuwa Katibu wa Wizara ya Kilimo. Kinachovunja moyo ni yanayofuata baada ya utafiti. Ufadhili unakwisha, mwanafunzi anahitimu, umeme unakatika wikendi moja, na miaka mitatu ya kazi inayeyuka ndani ya jokofu. Kilichobaki ni makala kwenye jarida na nakala ya mbegu iliyotumwa Ulaya, kwa sababu majarida hayakubali spishi mpya bila mbegu yake kuwekwa katika hazina zinazotambulika za nchi mbili tofauti. Huu si ujanja wa Wazungu. Ni sharti la haki la sayansi, na mojawapo ya hazina hizo mbili ingeweza kabisa kuwa Nairobi au Dar es Salaam.

Gharama ipo, ila haifiki hata kiwango cha barabara moja fupi ya lami. Wala si kwamba sheria haijui pesa itoke wapi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya mwaka 2013 iliahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Matumizi ya utafiti nchini hayajafika hata asilimia 1. Katiba nayo, kifungu cha 69, inaiagiza serikali kulinda rasilimali za kijenetiki, kwa maneno yasiyo na kona. Wabunge wa Baringo, Kajiado na Nakuru hupigania fidia ya mafuriko na mabomba ya maji, na wana haki. Bajeti ijayo waongeze na mstari mmoja wa hazina ya vijidudu, waulize umetengewa shilingi ngapi, na wasikubali jibu la kwamba suala hilo liko kwenye kamati.